Mjane Aliyeitwa Dicey

Neno hilo lilikuwa la baba mdogo. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Rongo, na kwake kila kitu kilikuwa dicey: barabara ya Migori mvua ikinyesha, samaki wa jana kutoka Homa Bay, hata chai ya mke wake. Maana yake ni jambo la hatari, usilojua litaangukia upande gani, kama dadu zikirushwa. Alilitamka ameinua kidevu, nasi tukamwona msomi kweli.

Kisha baba mkubwa akafa, amekondeshwa na ule ugonjwa ambao miaka hiyo ya tisini hakuna aliyethubutu kuutaja. Kwa mila yetu Wajaluo, mke wa kaka mkubwa ndiye anayepanda kwanza, na wengine wote humngoja; akifiwa hapandi mpaka arithiwe na mwanamume, yaani alale naye. Mvua ilikuwa imeshaanza. Shemeji za mjane wakakaa sebuleni kwake, wakinywa chai yake, kila mmoja akimsukumia mwenzake kazi ya kumrithi. Baba mdogo akasema, "Huyo? Too dicey." Wote wakacheka, hata wasiojua Kiingereza.

Mama mkubwa akaweka birika chini. Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, naishi naye. Akaniuliza, "Wamesema nini?" Nikamwambia. Kwa nini niwafichie uchafu wao?

Waoga wale wakatafuta mlevi fulani, wakamwahidi mbuzi. Ugonjwa hawakumtajia. Alipofika mlangoni, mama mkubwa akamzuia. "Mwambie lile neno la mwalimu," aliniagiza, "na maana yake." Nikamweleza taratibu, kwa Kijaluo, marehemu alikufa kwa ugonjwa gani na kwamba ndugu zake wote wamekataa. Lo! Pombe ilimtoka kichwani, akaondoka mbio. Mama mkubwa akacheka mpaka akashika ukuta, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Sitaki mwanamume yeyote," akasema. "Shamba na lilale."

Mahindi ya majirani yakafika magotini, ya baba mdogo yangali kwenye gunia. Akaleta mwanamume mwingine, na safari hii alinifungia jikoni kwanza, kwa kufuli. Nilipiga mlango, nikamtukana matusi yote niliyoyajua.

"Nyamaza," alinijibu kutoka nje. "Watoto wangu watakula nini?"

Nikamsikia mama mkubwa akiniita. Akaita tena.

Asubuhi baba mdogo alinifungulia, akanipa jembe. Mama mkubwa alikuwa shambani tayari, anapanda, na nilipomwita hakugeuka.