Chemchemi ya Bwana Mita

Fundi alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka thelathini na mbili, katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na muda wote huo hakuwahi kupanda mtumbwi hata mara moja. Maji aliyoyajua yeye ni ya bomba. Mambo ya mto alimwachia mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mita. Kazi yake katika idara ya maji ilikuwa kupiga kafi kila wiki hadi kwenye chemchemi, kule msituni, kusoma kijiti cha kupimia kina, na kurudi na namba moja tu kwenye daftari.

"Siku nzima kwa namba moja!" Fundi alimtania. "Mimi siku nzima natoa kaptula kumi."

"Kaptula zako zinachakaa, mke wangu. Chemchemi haichakai."

Kisha presha ya macho ikamwingia mumewe. Ilianza pembeni, kama pazia linalovutwa polepole, na mwaka mmoja kabla ya kustaafu pazia likakutana katikati. Bwana Mita akakabidhi daftari, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya cherehani, akanyamaza. Binti yao alipokuja na wajukuu, aliwapapasa vichwa mmoja mmoja, kisha akarudi kwenye ukimya wake. Mwaka ukapita hivyo.

Asubuhi moja Fundi akiwa anakunja pindo la sketi, mumewe akasema bila kuulizwa, "Nimeanza kuisahau rangi yake."

"Ya nini?"

"Ya maji ya kule juu."

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani. Mchana huo huo alikwenda darajani kwa mwenye mitumbwi, akaomba afundishwe. Siku ya kwanza alizunguka pale pale kama pia. Siku ya pili alitumbukia kwenye maji ya kiunoni, akatoka nguo zikichuruzika, na mwenye mitumbwi akacheka hadi akashika mbavu. Siku ya sita mtumbwi ukaanza kumtii. Aligundua kuwa maji ni kama hariri: ukiyavuta kwa pupa, yanakukimbia.

Binti yao aliposikia, alikuja mbio. "Mama! Mmoja haoni, mwingine hajui kuogelea. Mnakwenda wapi nyinyi?"

"Baba yako anaijua njia, mimi nina macho. Ukituunganisha, unapata mtu mmoja mzima."

Binti akaguna, lakini siku ya safari alileta maboya ya kuvaa, akawafunga kamba mwenyewe, mafundo mawili mawili.

Waliondoka ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Mji ulififia kwa sauti: kwanza honi zikapotea, kisha mashine ya kusaga, mwishowe jogoo mmoja aliyechelewa kuwika. Miti ikakutana juu ya vichwa vyao. Bwana Mita alikaa mbele, mikono magotini, uso ameuinua.

"Unaona nini?"

"Mwanga umetoboka-toboka kama lesi. Na ndege mmoja wa buluu, anatuangalia kama tumechelewa."

Walikwenda hivyo, sijui saa ngapi. Hata Fundi hakujua. Mkono ulipiga kafi wenyewe, na kila tone lililodondoka lilisikika.

Kisha wakafika kwenye matete, na njia ikagawanyika kuwa tatu.

"Shika ile yenye mti ulioanguka," alisema Bwana Mita.

Fundi akatazama, akatazama tena. Mafuriko yalikuwa yameuchukua. "Mti haupo, mume wangu."

Njia zote tatu zilifanana kama mapacha. Bwana Mita akakunja mkono wa shati.

"Ingia ya kwanza." Akachovya vidole. "Vuguvugu. Haya yamelala juani. Rudi." Ya pili pia vuguvugu. Kwenye ya tatu aliuchomoa mkono haraka, akacheka, cheko ambalo Fundi hakulisikia mwaka mzima. "Baridi! Haya yametoka chini ya ardhi leo hii. Twende!"

Matete yakafunguka, na mtumbwi ukawa kama unaning'inia hewani. Chini, mbali, kivuli chao kilitambaa juu ya mchanga mweupe, na mchanga wenyewe ulikuwa ukichemka bila moto, ukipanda na kushuka taratibu.

"Haya, niambie. Rangi gani?"

Mwanamke aliyelinganisha nyuzi na vitambaa maisha yake yote alikosa neno. "Si buluu," alisema. "Kijani nacho, hapana." Akafikiri. "Kuna kitambaa niliwahi kukiona dukani, zamani. Nikakishika, nikakirudisha, maana sikujua kingemfaa nani. Ndiyo hii."

Bwana Mita akaitikia kwa kichwa taratibu, machozi yakimtiririka. "Ndiyo. Ndiyo hiyo hasa."

Walirudi wakichukuliwa na mkondo. Jioni Bwana Mita alimsimulia binti yake mpaka chakula kikapoa.

Wamekwenda mara nyingi tangu siku hiyo. Sasa Fundi anaijua ile njia ya tatu hata akifumba macho. Lakini wakifika kwenye matete husimamisha kafi, akasema, "Hapa nimepotea, mume wangu," na humngoja akunje mkono wa shati.