Kanda ya Tatu ya Mzee Mihayo

Tekla Kalinga alikuwa akitunza sauti za watu. Miaka ile ya sabini, ukifika Mbeya ukamuulizia mama wa sauti, ungeonyeshwa chumba cha mtaa wa pili kutoka sokoni, chenye dirisha moja na bati lililokula kutu. Ndani mlikuwa na rikoda mbili kubwa za kanda. Aliachiwa na mume wake, fundi redio, Mhehe mwenzake wa Iringa, aliyevuka kwenda Zambia kutafuta vipuri na hadi leo anavitafuta. Tekla hakupoteza machozi mengi. Alifuta vumbi, akapiga rafu misumari, akabandika ukutani karatasi ya masharti:

Nusu saa kutunziwa ni bure. Saa nzima, shilingi mbili kwa mwezi. Zaidi ya hapo tuzungumze.

Watu walimcheka kwa hiyo bure yake. Lakini Tekla hakuwa mjinga. Alijua mtu huanza na salamu fupi kwa kijana aliyeko masomoni, kisha humkumbuka bibi na hadithi zake, kisha harusi ya dada, na punde ile nusu saa inakuwa kama blanketi la kitoto, ukivuta kifuani miguu inabaki nje. Hapo ndipo mteja huja kuzungumza. Alikuwa na wenye saa mbili, wenye saa tatu, na wote aliwaambia neno moja, akiba haiozi.

Kanda moja tu kwenye rafu haikuwa na bei. Ilikuwa ya nusu saa, imejaa hadi mwisho, nayo ilikuwa ya Matilda, mwanawe wa pekee, aliyefariki mwaka sabini na nne akiwa na miaka kumi na mmoja. Katika kanda hiyo Matilda yuko kitandani, anasoma kitabu cha darasa la tano. Kila Jumapili baada ya kanisa Tekla alijifungia akaisikiliza. Hakuwa na picha ya mtoto. Hiyo kanda ndiyo iliyokuwa mtoto mwenyewe.

Mteja wake mkubwa kuliko wote alikuwa Mzee Mihayo, Msukuma aliyeteremka na ng'ombe wake kutoka kaskazini akaweka boma Usangu, si mbali na Igawa. Alikuja na lori mwaka sabini na saba, amejifunga shuka, akataka kanda tatu ndefu kwa mpigo. Ya kwanza akataja ukoo wake. Ya pili akawaasa wanawe. Ilipofika ya tatu akamwomba Tekla atoke nje.

"Mtu akiniangalia mdomo unakauka," alisema. Alikaa humo peke yake saa mbili. Akatoka na jasho, akalipa ya miaka mitatu mbele, akapanda lori la kurudi.

Ukaja mwaka wa vita, sabini na tisa. Sabuni ilipatikana kwa foleni, sukari kwa kujuana, na kanda mpya hazikupatikana kabisa. Mwezi wa saba akaja Eliezeri, mwalimu wa kwaya, akitaka ibada nzima ya mavuno irekodiwe, saa mbili kamili na sala zake za kimya. Tekla hakutaka kumpoteza. Akaanza kupekua rafu kutafuta nafasi, na kwa mara ya kwanza akaiweka mashineni ile kanda ya tatu.

Akasikia mluzi. Kimya kirefu. Ulimi ukigongwa kwenye kaakaa, mluzi tena, halafu mguno kama wa mtu anayesukuma mlango. Alivumilia nusu saa akingoja neno, hata moja, asilipate. Akaruka mbele, ni yale yale. Tekla alizaliwa kwenye mahindi na viazi, na kwao mtu mzima anayepiga miluzi ni mtu asiye na kazi. Akacheka peke yake.

"Mzee kasahau kuzima mashine," alisema. "Hapa hamna kitu."

Akarekodi ibada juu yake. Usilolijua ni usiku wa giza, na Tekla aliingia gizani mchana kweupe, akiimba na kwaya.

Eliezeri alikuja kusikiliza mwezi wa tisa, saa nane za mchana, jua kali. Wimbo wa kwanza ulitoka vizuri. Wakafika kwenye sala ya kimya, na humo, mbali sana, pakasikika mluzi.

Eliezeri akakunja uso. "Nani alikuwa anapiga mluzi kanisani?"

"Hakuna mtu, mwalimu. Nilikuwepo."

Wimbo ukafunika. Ulipokwisha ubeti, mluzi ukarudi pale pale, haujaacha hata hatua moja. Ilikuwa kana kwamba mtu alikuwa akitembea muda wote chini ya kwaya, na kwaya ndiyo iliyokuwa ikimpisha.  Tekla alielewa upesi kwamba kichwa cha kufutia cha mashine kimeshika uchafu na hakikufuta sauti ya zamani, jambo ambalo mume wake alimwonya. Kuelewa hakukumsaidia. Woga ulibaki.

Kisha chumba kikawa giza. Dirishani palikuwa na kichwa cha ng'ombe.

Walikuwa maksai watatu. Wamesimama barabarani, pembe zikigusa ukuta, masikio yote yameelekea ndani. Hawakutikisa hata mkia. Aliyekuwa akiwaswaga, kijana mrefu mwenye fimbo, aliwapiga, akawavuta, akawatukana Kisukuma. Wapi! Mwisho akaacha. Akasimama naye, akasikiliza, na fimbo ikamponyoka. Akaja hadi mlangoni.

"Shikamoo mama," alisema kwa sauti ndogo. "Baba yumo humu?"

"Baba yako nani, mwanangu?"

"Mihayo. Mimi ni Seni. Tumemzika miezi miwili imepita."

Eliezeri alizima mashine mwenyewe. Nje maksai mmoja akalia, mlio mrefu, na hakuna aliyeupenda.

Seni alieleza akiwa amesimama, maana alikataa kiti. Tangu mzee afariki, ng'ombe hawaingii mtoni. Mwaka huu kivuko kimeingiwa na mamba, na wamezoea kuingia kwa mluzi wa mzee tu: ule wa kuwaita, ule wa kuwatuliza, ule wa kuwaambia sasa kunyweni. Kila jioni wanajipanga getini pa boma, wanatazama njia ya makaburini. Wanachotewa maji kwa ndoo, na ndoo haishibishi kundi. Saba wameshakufa. Hawa watatu walikuwa wanakwenda kuuzwa kabla hawajaanguka.

"Nimejaribu kuiga mluzi wake, hawanitaki," alisema. "Baba alituambia, miluzi yangu nimeiacha Mbeya kwa mama wa sauti, nimelipia. Ndiyo nakuja kwako, mama. Nilitaka kwanza kuwafikisha hawa."

Tekla angeweza kusema uongo. Mashine mbovu, umeme, vita. Mwaka ule kila kosa lilikuwa na vita vya kusingizia. Hakusema. Alimwambia, "Nimeifuta mimi. Nilidhani hamna kitu."

 Seni hakumfokea, na hilo lilimuuma Tekla zaidi. "Si nimemsikia sasa hivi?" aliuliza. "Mtoe humo. Mwekee nafasi yake, hata ndogo."

Kumtoa kuliwezekana. Rikoda mbili, moja ipige, nyingine inase. Kwaya ikiimba unasimamisha, ikinyamaza unaachia. Eliezeri akaahidi kuazima rikoda ya betri ya usharika na spika yake ya pembe. Lililokosekana ni kanda tupu. Tekla alizunguka maduka yote ya Mbeya siku mbili, akampigia simu ndugu yake Iringa. Hakuna. Akarudi mbele ya rafu zake, kanda mia na kitu, kila moja ina mwenyewe na kila mwenyewe ana masharti yake ukutani. Sauti ya mtu si yako kwa sababu tu imelala kwako. Alikuwa amejifunza hilo kwa gharama ya miluzi ya mzee.

Kwenye rafu zote, kitu chake mwenyewe kilikuwa kimoja.

Alimsikiliza Matilda kwa mara ya mwisho Jumatano asubuhi, siku isiyo yake. Akapima kwa saa ya mkononi. Miluzi ya mzee ilihitaji dakika ishirini na sita. Kanda ilikuwa na thelathini. Zingebaki dakika nne za mwishoni. Katika dakika hizo Matilda hasomi tena. Kitabu kimeanguka, usingizi umemchukua, na mama yake alikuwa jikoni akichemsha uji, rikoda inaendelea. Ni pumzi tu, inaingia, inatoka. Basi. Tekla alilia kwa sauti, akasafisha kichwa cha kufutia kwa spiriti, akabonyeza.

Akaurudisha mkanda, akasikiliza kama mtoto amebaki chini ya miluzi, kama mzee alivyobaki chini ya kwaya. Hakubaki. Safari hii mashine ilifanya kazi yake vizuri.

Jumamosi alasiri walikuwa mtoni, chini ya Igawa. Tekla alikaa kwenye jiwe na rikoda mapajani, spika imefungwa kwenye mti. Ndani ya mkoba alikuwa na wembe. Wakimaliza angekata kile kipande cha mwisho arudi nacho. Hakukikata nyumbani kwa sababu hakuuamini mkono wake, usije ukakata na miluzi kabla ng'ombe hawajaisikia.

Mluzi wa kwanza ulipotoka, kundi zima liliinua vichwa. Hawakukimbia. Walikuja taratibu, mistari mistari, wakampita Tekla kila upande hata akahisi joto la mbavu zao, wakaingia majini hadi magotini. Ukaja mluzi wa kutuliza. Ukaja ule wa tatu, na ng'ombe mia mbili wakainama kwa pamoja. Seni alikuwa akiiga miluzi kwa midomo akijifunza, machozi yanamtiririka.

Miluzi ikaisha. Spika ikabaki na mvumo mdogo, kama upepo kwenye nyasi. Ng'ombe wakaacha kunywa. Wakageuza vichwa kuelekea mtini na kusimama kimya, maji yakiwadondoka midomoni.

Seni akapangusa uso, akainyooshea rikoda mkono. "Imekwisha, mama. Nizime? Hapa hamna kitu."

Tekla akamshika mkono.

"Acha," alisema. "Mwanangu amelala."