Jani la Isale na Fomu ya Himo

Niliondoka Moshi kwenda Rombo kwa sababu moja tu: sikutaka kula Krismasi mjini. Watu wa milimani watanielewa. Mwezi wa tisa nilikuwa nyumbani kwa kaka yangu Eliuteri, anayeishi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo alilotuachia marehemu baba, huko juu ya Mkuu. Nikirudisha gari nyuma, nikavunja masale yote, ile mimea tunayoipanda mipakani na makaburini, yaliyozunguka kaburi la baba. Kaka ndiye aliyesimama nyuma akinielekeza, na anadai alisema "hapo", yaani simama, mara tatu. Mimi nikatangaza mbele ya majirani kwamba breki zangu ni nzima, ila kaka hajui kuelekeza gari. Akaniambia nisikanyage tena pale mpaka nikubali kosa langu. Miezi mitatu hatukupigiana hata simu.

Sasa kwetu kuna mila. Ukimpelekea mtu jani la isale lililofungwa fundo, unaomba msamaha, naye hawezi kukataa. Nikapiga hesabu zangu: nampa kaka jani, ananisamehe apende asipende, na habari ya breki haizungumzwi tena. Nilijiona nina akili sana.

Saa moja asubuhi tulikuwa tayari getini, mimi na mke wangu, jani likiwa limelazwa vizuri juu ya dashibodi.

"Baba Neema," akasema mke wangu, "stika ya ukaguzi wa gari iliisha mwezi wa sita."

"Nimeshughulikia."

Nilikuwa nimebandika juu yake stika ya jubilei ya kwaya yetu. Aliitazama kwa muda.

"Kwaya haikagui magari," akasema, akafunga mkanda.

Saa mbili na nusu, tukiwa tumeipita Himo kidogo, tulisimamishwa. Afande alikuwa mama wa makamo, mpole, na wapole ndio wa kuogopwa. Alitusalimia, akainama mbele ya kioo.

"Kwaya hii inaimba sauti ngapi?"

"Nne, afande."

"Na chini yake kuna nini?"

Akaibandua kwa ukucha, polepole. Kisha akamwita mkaguzi wa magari, kijana mwembamba asiyecheka. Huyo aliingia garini, akaenda mbele kidogo, akakanyaga breki. Gari lilifikiria kwanza. Liliposimama, koni ya barabarani ilikuwa imelala chini yake. Kijana akashuka, akaandika kwenye fomu kwa herufi kubwa: BREKI HAZISHIKI. GARI LISITEMBEE. Wakafungua pleti namba zote mbili, ya mbele na ya nyuma.

Hapo nilichanganyikiwa. Sijui mkono ulifikaje kwenye dashibodi, ila nilijikuta nimesimama mbele ya afande, nimeinamisha kichwa, nimemshikisha lile jani kwa mikono miwili. Alilitazama fundo, akanitazama mimi.

"Wewe ni wa wapi?"

"Rombo."

"Mimi ni wa Marangu," akasema. "Basi nimelipokea. Sina kinyongo na wewe hata kidogo." Akaliweka kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo. "Gari litabaki hapa."

Mke wangu alicheka mpaka akaegemea nguzo. Na jani la isale halidaiwi likishapokelewa.

Saa saba tulishuka Mkuu kutoka kwenye gari la abiria, tukaanza kupanda kwa miguu. Ilikuwa imenyesha. Kila upande wa njia masale yalikuwa yamestawi, nami nikasogelea moja.

"Utang'oa mpaka wa mtu," akasema mke wangu, "ukaombee msamaha wa kaburi?"

Nikarudisha mkono. Nilikuwa na matope mpaka magotini, nimebaki na ile fomu tu mfukoni, na Krismasi yangu niliiona inaliwa Moshi, kwa wali wa hotelini.

Kaka alikuwa anakatakata migomba ya ng'ombe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona sikusikia gari?"

"Limekamatwa Himo."

"Kwa kosa gani?"

Niliona aibu, aibu ya kweli, kama mtoto aliyevunja chungu. Nikampa fomu. Akajifuta mikono, akatafuta miwani, akasoma kimya. Kisha akampa mke wangu.

"Shemeji, hebu nisomee hapa."

"Breki hazishiki."

"Rudia, macho yangu hayasikii vizuri."

Alirudia kwa sauti iliyovuka migomba mpaka kwa majirani. Kaka akaichukua tena fomu, akaketi juu ya gogo.

"Festo, ungeniletea isale ningepokea, ningefanyaje? Lakini ningebaki kuwa mtu aliyeharibu kaburi la baba yake kwa kutojua kuelekeza gari."

"Ulisema 'hapo', kaka," nikamwambia. "Nilikusikia. Mara zote tatu."

Kaka akainuka. Aliingia migombani, akarudi na miche ya masale na jembe, akanikabidhi. Nilipanda kuzunguka kaburi lote, yeye akinionyesha kwa kidole kila shimo.

Kesho yake asubuhi nilimwomba fomu, kwa kuwa bila hiyo gari halitoki. Akakataa kabisa. Tulishuka naye Mkuu, ikatolewa kopi, yeye akarudi na fomu yake. Himo, fundi alifunga breki mpya, mkaguzi akalijaribu tena gari, na safari hii koni ilibaki imesimama. Afande akageuza karatasi yangu huku na huku.

"Nakala halisi iko wapi?"

"Iko ukutani kwa kaka yangu, chini ya picha ya baba."

Akapiga mhuri kwenye kopi.

"Iache huko," akasema.

Niliyojifunza ni machache. Stika ya kwaya nimeirudisha kwenye daftari la nyimbo, na kwenye ukaguzi sasa napeleka gari kabla halijaitwa. Krismasi tulikula Rombo. Jioni wakati wa kuondoka nilirudisha gari nyuma, kaka amesimama pale pale, hatua tatu kutoka kwenye masale mapya.

"Hapo," akasema, kwa sauti ya kawaida.

Gari likasimama. Hakuhitaji kusema mara ya pili.