Sufuria ya Shaba Iliyowekwa Benki

Jumanne, tarehe nane Agosti, 1961. Kusi lavuma tangu alfajiri. Manyunyu yamekuja mara tatu na kukatika, kila mara nikishamaliza kuanua nguo.

Ndivyo nilivyoandika daftarini siku ile, na kwa hilo nina hakika. Yaliyobaki nayaeleza kwa kukumbuka, na mtu aliyeishia darasa la nne asiaminiwe sana katika mambo ya sheria.

Mwana wa dada yangu alikuwa amekuja kwetu Likoni kutoka Ulaya, alikokuwa akisomea shahada ya pili ya sheria. Watu walidhani anasomea kesi za wezi. La, yeye alisomea sheria za kuziongoza benki: nani aruhusiwe kufungua benki, abakishe kiasi gani ndani, na nani awe akienda kumchungulia. Alikuwa na insha ndefu ya kumpelekea mwalimu wake kwa posta, na hakuweza kufikiri ila kwa kusema kwa sauti. Basi alitembea barazani akijisomea, nami ndani nakuna nazi huku nikimsikiliza. Wenzangu walikuwa na redio.

Asubuhi ile alifika kwenye neno amana. Nikamwambia hilo nalijua, maana mimi mwenyewe naweka amana za watu. Tangu niolewe, wanawake wa mtaa wameniletea vipuli, mikufu, doti za kanga ambazo hazijakatwa, hata hati za mashamba, nikawafungia kashani. Kisichoingia kashani hulala mvunguni mwa kitanda. Kwa mzaha nyumba yetu wakaiita Benki. Mtu husema, "Nakwenda Benki mara moja," na kumbe anakuja kwangu.

"Si hivyo, mama mdogo," akasema. "Amana yako hubaki ya mwenyewe. Kwa sheria ya Kiingereza, ukiweka pesa benki, zile si zako tena. Ni za benki, izitumie ipendavyo. Wewe unabaki kuidai tu."

"Basi hiyo si amana. Huo ni mkopo."

Akatafuta kalamu. Kisha furaha ikamzidi, akarudia kwa sauti ya mahakamani: "Ukishaweka kitu benki, si chako tena. Ni cha benki!"

Kwa haki yake, hakujua kwamba wanawake wawili walikuwa wakipita njiani na ndoo za maji. Mimi pia sikuwaona. Lakini niliyecheka ni mimi, tena kwa nguvu, na huenda kicheko ndicho kilichoharibu.

Wa kwanza alifika kabla chai haijapoa. Akaniuliza hali yangu, ya mume wangu, na ya kuku. "Nimekuja kuvitazama tu vile vipuli vyangu, shoga. Usiku nimeviota." Nikampa. Akavitazama, akavivaa, akaenda zake. Wa pili naye alikuwa ameota. Wa tatu akasema wazi, "Mimi sikuota kitu. Nipe mkufu wangu." Kufikia adhuhuri viatu mlangoni vilikuwa kama vya msikitini.

Msomi wetu alikuja kuninong'oneza jikoni, macho yanamng'aa. "Ndiyo hii, mama mdogo. Hii ndiyo sura yangu ya tatu. Watu wakija wote siku moja, hakuna benki itakayosimama."

"Mwanangu, nyamaza."

"Cheka nao, na urudishe upesi. Benki ikikunja uso imekwisha."

Nilicheka mpaka mashavu yakaniuma. Kila mtu alipata chake.

Ila sufuria. Ilikuwa sufuria kubwa ya shaba, ya kupikia pilau za harusi, amana ya bibi mmoja mjane, jirani yetu, aliyeirithi kwa mamake. Nayo haikuwa mvunguni. Nilikuwa nimemwazima binamu yangu wa Kisauni kwa harusi ya bintiye siku ya Jumapili, bila kumwuliza mwenyewe. Nilijiambia bibi amelala, nisimsumbue. Wakati huo ilikuwa saa nne za asubuhi.

Nilipomweleza msomi, alinitazama kama mganga atazamavyo jipu. "Kumbe wewe ni benki kweli," akasema, akavaa viatu, akakimbilia feri.

Bibi aliingia baada ya sala ya adhuhuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi mkekani.

"Sufuria yangu ipo?"

Nilitaka kusema ipo, kwani mahali fulani duniani ilikuwepo. Ulimi ukakataa. Nikamwambia iko Kisauni, na nani aliyeitoa.

Akaisogeza tambuu yake shavu la pili. "Nikifa, wanangu watakuja kuulizia hapa. Utawaambia iko Kisauni?"

Niliinuka kutafuta birika.

"Nitakaa papa hapa. Isipofika kabla ya magharibi, nitapita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu."

"Ni haki yako, bibi," nikasema, nikamchemshia chai. Ilikuwa chungu, kwa kuwa nilisahau sukari, naye hakulalamika.

Magharibi ilikaribia. Ndipo tukasikia magurudumu ya mkokoteni. Msomi alikuwa anasukuma pamoja na hamali wa kivukoni, suruali yake ya Ulaya imelowa tope hadi magotini. Juu ilikaa sufuria, imefunikwa kawa.

"Nimewakuta wanawapikia maharusi wa fungate," akasema akihema. "Nikawaambia benki inaanguka. Wakasema vyovyote iwavyo, chombo cha watu hakirudi kitupu."

Bibi akafunua kawa. Mvuke ukamfunika uso. "Pilau hii ni ya nani?"

"Kwa sheria ya Kiingereza," msomi akaanza, "faida ni ya benki."

"Na kwa sheria ya mwenye sufuria?"

Mimi nikawahi kusema ni yake bibi, yote.

"Riba sili."

"Si riba," msomi akasema. "Hukuweka sharti. Ni zawadi ya harusi."

Bibi akarudisha kawa. "Haya. Sufuria ioshwe, irudi mvunguni. Ukitaka kuitoa utaniuliza, hata kama nimelala. Na kila Ijumaa nitakuja kuchungulia."

Msomi akatoa kalamu.

"Waandika nini?"

"Sura ya nne, bibi."

Kama mwalimu wake aliipenda, sikuambiwa. Vipuli vilirudi kashani wiki ile ile. Mkufu wa yule asiyeota haukurudi, wala simlaumu.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini Changamwe alikuta sinia iko chini, akaketi bila kuuliza. Tulikula pilau ya mbuzi kwa kachumbari, sote wanne. Ukoko tulimkwangulia bibi, kwa kuwa sufuria ni yake.