Mafuta ya Breki Siku ya Sabato

Siku hiyo pale kwenye kibanda chetu cha kutengeneza baiskeli, Awendo, tulikuwa mimi, ndugu yangu anayenifuata, mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa akifua sare, fundi pikipiki wa kibanda jirani, na baadaye mwenye duka la spea za baiskeli, aliyepita akitoka kanisani na Biblia kwapani.

Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake alfajiri ndugu yangu alikuwa aanze kazi yake ya kwanza, kupeleka mikate ya bekari kwa maduka ya upande wa Ndhiwa. Walitaka mtu mwenye baiskeli yake. Yetu ilikuwa ya mtumba, ya milimani, yenye breki za mafuta, na breki ya mbele ilikuwa imeingia hewa. Ukiibana, mkono wa breki unagusa usukani na gurudumu linaendelea kuzunguka. Kwenye ile miteremko yenye malori ya miwa, nisingemruhusu.

Nilikuwa nimechoka. Tangu wazazi wetu wafariki nikaacha shule kidato cha pili, uchovu wangu hauishi; unahama tu, leo mgongo, kesho macho.

Mafuta ya zamani yalitoka meusi. Fundi pikipiki akaninyooshea chupa yake.

"Tia haya, nyamera, dada yangu. Breki ni breki."

"Ya pikipiki yatafurisha raba za ndani. Hii ina mafuta yake."

"Baiskeli inachagua kama bibi harusi!"

Ndugu yangu akasema chini chini, "Dada, weka tu. Nitaenda pole pole."

"Pole pole na kreti ya mikate? Kaa chini."

Ndipo mwenye duka akapita. Nilimweleza shida, nikatoa pesa. Akaficha mikono nyuma.

"Leo siuzi."

Akaenda zake. Tulidhani yameisha, lakini alirudi na kichupa cha mafuta hayo kutoka nyumbani kwake. "Siuzi," alisema, "lakini kusaidia sijakatazwa."

Nilitoa gurudumu na pedi, nikaweka kipande cha mbao mahali pake. Nikasukuma mafuta kwa sirinji kutoka chini, mdogo wetu akigongagonga mpira unaopitisha mafuta, hadi mapovu yakaacha kutokea juu. Nikafunga, nikarudisha pedi na gurudumu, nikalegeza boliti mbili zinazoshika breki, nikabana breki ijiweke katikati ya diski, nikakaza. Mkono wa breki ukawa mgumu. Alfajiri ndugu yangu akaenda, na mchana akarudi mzima na kreti tupu.

Jumatatu nilikwenda dukani kulipa.

"Unalipa nini?"

"Mafuta ya juzi."

"Nikikutajia bei, si nitakuwa nimeuza Sabato?"

"Basi nikutengenezee magurudumu."

"Hiyo pia ni bei, mama."

Nikampelekea mikate. Aliipokea, akanikaribisha chai, tukaila mikate hiyo pamoja, nikarudi nyumbani nikiwa mgeni aliyeshiba. Ndugu yangu bado anashuka ile miteremko kila asubuhi, na mimi sijalipa.