Serumu ya Manjano

Vitamini za kwenye chakula hazinisumbui. Sombe, yale majani ya muhogo, nakula, maharagi nakula, ndizi hazinitoshi. Ni ile vitamini B ya sindano ndiyo hatupatani. Niliitambua mjini Butembo, nilipokuwa natoka katika homa ya tumbo. Muuguzi alinidunga ili nipate nguvu. Ulimi ukavimba, pumzi ikakatika, nikaanguka. Nilipofumbua macho, jirani yetu wa mtaa wa Bulengera, shemasi, alikuwa ameshafika kwenye sala ya kuaga roho. Alionekana kusikitika kidogo kuikatiza.

Tangu hapo nasema wazi: vitamini itaniua. Watu wanacheka. Kwetu mgonjwa asiyetundikiwa serumu ya manjano, yaani dripu, anahesabiwa kuwa hana ndugu. Maji meupe ni dawa, lakini yale ya manjano, yenye vitamini, ndiyo upendo. Mtu anayeyakataa amewakataa watu.

Aliyeudhika kuliko wote ni mama mkwe wangu, anayeuza mawese sokoni Beni. Hakuniambia mwenyewe, maana mimi naye tunaheshimiana: hatushikani mikono, hatukai kiti kimoja, hatutazamani usoni. Salamu zetu zinapita mlangoni, kila mmoja akiangalia upande wake. Alimwambia binti yake, nami nikasikia kupitia ukuta wa mbao.

"Bwana yako iko na kiburi. Mutu gani anakatala vitamini?"

Mke wangu alimjibu akilia kwamba aliniona nikifa kwa macho yake. Mama hakushawishika.

Mwaka jana nilikwenda Beni peke yangu kununua mawese kwake, malaria ikanikamata huko huko. Alinipeleka kituo cha afya kwa pikipiki mbili, moja yangu na moja yake, maana heshima haina homa. Dereva wangu alinifunga kiunoni kwake kwa kitenge nisianguke. Nilipofika, meno yalikuwa yanagongana na maneno hayatoki tena. Nikalazwa, serumu nyeupe ikatundikwa. Mama mkwe akakaa nje ya mlango, mgongo kwangu, kama inavyotakiwa.

Muuguzi alikuwa kijana mwema. Huo ndio ulikuwa ubaya wake. Alivunja kichupa, akaichanganya dawa yake ndani ya serumu, maji yakageuka manjano.

"Mama, nimemuongezea vitamini," alisema kwa furaha. "Atapata nguvu mbio."

"Wasingya," mama mkwe akashukuru kwa Kinande, bila kugeuka.

Nilijaribu kupiga kelele, yakatoka mate. Niliiona ile rangi ikianza kushuka polepole ndani ya mpira wa serumu. Niliogopa, nasema wazi. Na katika kituo kizima, mtu pekee aliyejua habari yangu ni huyu mwanamke asiyeiamini, ambaye desturi ilimkataza hata kunitazama.

Kiti kikagonga ukuta. Mama mkwe aliingia, akaushika mkono wangu, akaukunja ule mpira kama anavyokunja mfuko wa mawese unaovuja, kisha akaing'oa sindano. Damu ilimrukia kitenge.

"Mama! Ni vitamini tu!"

"Najua ni vitamini. Huyu hapana kamata vitamini."

"Nani alisema?"

"Mwana yangu, bibi yake. Mwana yangu hapana sema bongo, iko nasema kweli." Halafu akaongeza, ili asieleweke vibaya: "Miye sisadiki. Tundika ile nyeupe."

Ilipotundikwa nyeupe, alitoka, akakaa tena mlangoni, mgongo kwangu.

Nilipona. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana kwamba heshima ilikuwa imevunjwa na lazima itengenezwe kwa kuku. Niliuliza kwa nini nimtoe mimi, wakati aliyeshika ni yeye. Wakaniuliza mkono ulikuwa wa nani.

Nikampeleka kuku Beni. Mama mkwe alimpokea mlangoni, uso pembeni, akampima uzito. Nikaanza kuondoka.

"Mukono yenu ilikuwa moto sana," alisema akiuambia ukuta. "Niliogopa."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia. Nikatazama upande wangu, kuelekea barabara, nikasema wasingya. Nikalisema tena ili lisikike.