Kidole Gumba cha Mjaribu Gemu

Ofisini kwetu Hobart, mjaribu gemu haongei sana. Kidole gumba chake ndicho kinachosema. Huacha chai ipoe, akizamisha merikebu moja baada ya nyingine. Sisi waandishi husimama nyuma yake tukikikodolea macho kidole hicho, maana hadithi akiiruka inakatwa, na mahali pake panawekwa mizinga. Jana alijaribu nyongeza yetu ya gemu, yenye safari za baharini. Mama mpishi wa chombo akaanza kusimulia jinsi nduguye alivyozama. Kidole kikainuka juu ya kitufe cha kuruka hadithi, kikabaki hewani. Maharamia wakatokea, wakafyatua mizinga.

“We bwana, unapigwa!” Bronwyn, bosi wetu mpenda vita, akapiga kelele. “Merikebu inazama!”

“Acha izame. Mama hajamaliza.”